Jedwali Linapovuka Ukurasa

Jedwali fupi halina kesi. Mistari kumi, safu nne, hata ukilichora kwa rula na kalamu litasomeka. Kazi huanza pale mstari mmoja unapokataa kuingia ukurasani, ukashukia ukurasa wa pili, na wenzake wakaufuata hadi wa ishirini. Msomaji anayefungua ukurasa wa kumi na tatu anakuta tarakimu tupu: 40, 1,200, 0, 1,240. Ni shilingi au ni kilo? Hiyo 0 ni mkopo au ni faini? Inambidi arudi nyuma kurasa kumi na mbili akasome kichwa cha jedwali, akihifadhi, kisha arejee alikokuwa. Akifika amekwisha sahau safu ya tatu ilikuwa nini.

Mimi ni msanifu kurasa hapa Mombasa, kwenye duka la uchapaji nyuma ya Digo Road. Vitabu huja vichache. Kinacholipa kodi ya duka ni hesabu za vyama vya akiba na mikopo, orodha za wanafunzi, ratiba za swala na michango ya harusi, na vyote hivyo ni majedwali. Nikisema mstari nakusudia ule wa kulala, na safu ni ile ya kusimama.

Wengi hulikata jedwali kwa mkono. Mtu anaandika majina, akifika mwisho wa ukurasa anabonyeza Enter mara kadhaa, kisha ananakili kichwa na kukibandika juu ya kipande kinachofuata. Kwenye skrini yake panapendeza kweli. Halafu katibu anapiga simu: kuna mwanachama namba 17 amesahaulika, hebu mtie. Ukishamtia, kila kilicho chini yake kinashuka mstari mmoja, na vile vichwa vya kubandika vinashuka navyo. Niliwahi kuletewa ripoti ambamo “Jina la Mwanachama” amekaa katikati ya ukurasa, baina ya mwanachama wa 58 na wa 59, naye ana “Hisa” zake na anadaiwa “Mkopo”. Mteja alinisihi nimsogeze juu kidogo tu.

Kumsogeza hakusaidii, maana kesho atashuka tena. Kichwa ni mali ya jedwali, si mali ya ukurasa, na programu yoyote ya kupangia kurasa inaweza kuelezwa hivyo. Ikishaelezwa, inakirudisha kichwa juu kila jedwali linapovuka, hata uongeze watu mia.

Kwenye Word, ambamo faili nyingi ninazoletewa zimeandikwa, ni amri moja. Teua mstari wa kichwa, au mistari miwili ikiwa kichwa chako kina ghorofa, ila lazima uanzie mstari wa kwanza kabisa wa jedwali. Nenda kwenye kichupo cha Layout, kile kinachojitokeza tu ukiwa ndani ya jedwali, ubofye Repeat Header Rows. Yamekwisha.

Hata hivyo amri hiyo ina masharti, na ndiyo yanayowafanya watu waape kwamba haifanyi kazi. Ukibonyeza Ctrl na Enter ndani ya jedwali ili kulazimisha ukurasa mpya, umelipasua likawa majedwali mawili, na la pili halina kichwa cha kurudia. Ukitaka mstari fulani uanzie ukurasa mpya, weka kishale kwenye mstari huo, ingia kwenye mpangilio wa aya na uchague Page break before. Mstari utahama, jedwali litabaki moja, kichwa kitaufuata. Sharti jingine ni la jedwali lililowekwa lizungukwe na maandishi. Hilo nalo halirudii kichwa mpaka uondoe huo mzunguko kwenye Table Properties. Mara nyingi mwenye faili hajui kama aliuweka. Alilivuta jedwali kwa kipanya siku moja, programu ikadhani ndivyo anavyotaka.

Humo humo kwenye Table Properties, upande wa mistari, kuna alama ya tiki ambayo Word huja nayo tayari imewekwa: inaruhusu mstari mmoja kukatika baina ya kurasa mbili. Mimi huiondoa karibu kila mara. Ikibaki, anwani ya mtu inaanza na sanduku la posta chini ya ukurasa wa nne na kumalizikia mji wake juu ya ukurasa wa tano. Nasema “karibu kila mara” kwa sababu yako majedwali ambayo kila seli ina nusu ukurasa wa maneno, kama yale ya maazimio ya mkutano na hatua zilizochukuliwa. Ukikataza mistari ya namna hiyo isikatike, utaachiwa mianya mikubwa myeupe chini ya kila ukurasa, na mteja atakuuliza karatasi zake zimeliwa na nini.

Urefu wa mstari nao uangaliwe. Ukiuamuru uwe kipimo kile kile kamili, maneno yanayozidi hukatwa kimyakimya, hayaonekani kwenye skrini wala kwenye karatasi. Chagua At least, yaani usipungue hapo, ili mwenye jina refu aongezewe nafasi.

InDesign, ninayoitumia kwa kazi zinazokwenda mtamboni, ina tabia nyingine. Yenyewe haikati mstari baina ya fremu mbili hata uiombe. Mstari ukiwa mrefu kuliko fremu nzima haushuki, na yote iliyo nyuma yake inapotea pamoja nao. Dalili yake ni alama ndogo nyekundu ya kujumlisha kwenye kona ya fremu. Usipoijali alama hiyo utapeleka kwenye pleti orodha iliyoishia herufi M.

Mstari wa “Jumla” una kesi yake. Ukiuacha huru, ipo siku utavuka peke yake, ukurasa wa mwisho uwe na kichwa, “Jumla” na tarakimu moja, chini yake weupe mtupu. Mistari miwili mitatu inayoutangulia ipe amri ya kushikamana na unaofuata. Word huiita Keep with next, na InDesign inayo ya aina hiyo kwa mistari ya jedwali. Usiipe mistari yote. Jedwali ambalo kila mstari umeshikamana na wa chini yake halina pa kukatikia, na programu nayo italirusha huku na huku ikitafuta ukurasa wa kulimeza zima.

Yako mambo ambayo hakuna amri itakayoyaponya, na la kwanza ni seli za kuunganisha. Kenya ina kaunti 47, maeneo bunge 290 na wadi 1,450. Ukiandaa orodha ya wadi zote, mkono unawasha kuunganisha seli za safu ya kwanza: jina la kaunti liandikwe mara moja, liwe refu kushuka chini, wadi zake zikae kando. Mombasa yenye wadi 30 pengine itaingia ukurasa mmoja. Nairobi ina wadi 85. Jina “Nairobi” litakaa kwenye ukurasa mmoja, na kurasa zinazofuata zitakuwa na kisanduku kitupu upande wa kushoto, kirefu, ambacho hakimwambii msomaji yuko wapi. Kichwa cha jedwali kitarudiwa vizuri na kusema “Kaunti”, lakini ni kaunti gani? Kwa maoni yangu, acha kuunganisha. Liandike jina kwenye kila mstari, hata kwa herufi nyepesi za kijivu ikiwa marudio yanakukera. Msomaji haanzi mwanzo wa jedwali. Anafungua katikati, anatafuta wadi yake, anaondoka.

Wanaoandika tasnifu kwa LaTeX wana kifurushi kiitwacho longtable, cha David Carlisle, na mimi hupenda namna kinavyomfanya mtu afikiri kabla hajaanza. Unaweza kutaja mambo manne: kichwa cha ukurasa wa kwanza, kichwa cha kurasa zinazofuata, mkia wa kila ukurasa na mkia wa mwisho. Kwa hiyo ukurasa wa kwanza unaweza kubeba jina zima la jedwali, zinazofuata zikasema “Jedwali 4, inaendelea”, na kila mkia ukamwambia msomaji afunue. InDesign nayo inakuruhusu kuruka kichwa cha kurudia pale mwanzo, ukapata jambo lilelile. Word haina kichwa cha namna mbili. Kinachorudiwa ni kilekile.

Kazi iliyonifanya nilitazame jedwali kwa jicho jingine ililetwa na mzee mmoja anayeuza nyavu na ndoana upande wa Mji wa Kale. Alitaka kijitabu cha maji kujaa na kupwa, awagawie wateja wake mwaka mpya. Tarakimu alikuwa nazo kwenye Excel, safu tatu tu: tarehe, saa, kimo cha maji kwa mita. Mistari ilikuwa 1,400 na ushei. Ukizidisha siku 365 kwa nne, yaani kujaa mara mbili na kupwa mara mbili, utapata 1,460, na kwa hiyo utadhani kuna kilichopotea. Hakikupotea kitu. Kutoka kujaa hadi kujaa ni saa 12 na dakika 25 hivi, kila siku maji yanachelewa kama dakika 50, na ziko siku ambazo kujaa au kupwa kwa mwisho kunavuka usiku wa manane na kuhesabiwa siku ya pili. Siku kama 50 kwa mwaka zina nyakati tatu badala ya nne.

Ningeyatiririsha tu, ningepata kurasa 36 za A4, kichwa kikijirudia juu ya kila mmoja, kila kanuni ikiwa imetimizwa. Na kijitabu kisingemfaa mtu. Ukurasa ungekatika alasiri ya siku yoyote, nyakati mbili huku na mbili kule. Kuzishikamanisha nne nne kungezuia hilo, ila ingebidi nifanye kwa uangalifu kwa sababu ya zile siku za nyakati tatu. Anayehesabu nne nne bila kutazama atapotoka siku ya kwanza ya tatu na kuharibu zote zilizobaki.

Nikamuuliza, “Baba, watakisomea wapi?”

“Chomboni, mwanangu. Mkono mmoja uko kwenye usukani. Akifungua, mwezi mzima uwe mbele yake. Hana mkono wa kufunulia.”

Alikuwa amenipa mpango wote wa kitabu. Nililigeuza jedwali: siku moja ikawa mstari mmoja, na zile nyakati nne zikalala kando kwa kando, kila mmoja na kimo chake. Safu tatu zikawa tisa. Mistari 1,400 na ushei ikawa 365. Karatasi ni A5, upana wa milimita 148. Nikatoa 15 za ndani kwenye mshono na 10 za nje, zikabaki 123: tarehe ikapewa 19, na safu nane zilizobaki 13 kila moja. Urefu ni milimita 210. Nikiondoa pambizo na kichwa zinabaki kama 175, ambazo zinachukua mistari 16 mirefu vya kutosha kwa herufi za pointi 11, na mzee mwenye miwani ya zamani anaziona.

Kumi na sita upande wa kushoto, kumi na tano upande wa kulia, mwezi umeenea kurasa mbili zinazotazamana. Ndipo nilipoacha pia kuliita jedwali moja. Ni majedwali kumi na mawili, kila moja na kichwa cha ghorofa mbili, jina la mwezi juu na majina ya safu chini. Mstari wa tarehe 17 niliupa amri ya kuanzia ukurasa unaofuata, na kichwa kikajirudia upande wa kulia chenyewe, jina la mwezi likiwemo. Anayetumia Word angeifanya kwa ile Page break before.

Lakini kurasa hazitazamani kwa kutaka kwako. Ukurasa wa 1 wa kitabu kama hiki uko kulia, peke yake. Ili Januari itazamane ianzie ukurasa wa 2, Februari wa 4, hadi Desemba kwenye wa 24 na wa 25. Kijitabu cha kushonwa kwa pini katikati huenda kwa kurasa nne nne, kwa hiyo 25 lazima ifike 28, yaani karatasi saba za A4 zilizokunjwa. Ukurasa wa 1 ukabeba maelezo, pamoja na la muhimu kwamba saa zimeandikwa kwa mtindo wa saa 24, hivyo 09:12 ni saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi. Tatu za nyuma mzee akazijaza bei za nyavu. Hakuwa mtu wa kuacha ukurasa mweupe.

Safu za nyakati sikuweza kuziandika “kujaa” na “kupwa”, kwa sababu siku nyingine huanza na hili na nyingine na lile. Nikazipa namba, na kujaa kukaandikwa kwa herufi nzito. Vimo vikapangwa nukta chini ya nukta, 3.4 juu ya 0.2, ili jicho lipime kimo bila kusoma. Ukiviweka katikati ya seli, na ikatokea siku yenye -0.1, safu nzima inayumba.

Likabaki jambo la jicho kupotea mstari. Hili limewasumbua watu kabla ya kompyuta kuwapo. Charles Babbage, Mwingereza anayekumbukwa kwa mashine zake za kukokotoa, alichapisha majedwali ya logarithimu mwaka 1827, na mwaka 1831 akatoa sampuli katika mabuku 21, tarakimu zilezile zikiwa zimechapwa kwa wino wa rangi mbalimbali juu ya karatasi za rangi mbalimbali, ili ajulikane mchanganyiko usiochosha macho. Mimi humkumbuka kila anapokuja mwenyekiti anayetaka wino wa njano kwa kuwa ndiyo rangi ya chama.

Siku hizi dawa iliyozoeleka ni kupaka mstari mmoja na kuruka mmoja. Si mbaya, ila hapa ingekuwa anasa. Nilipaka kijivu chepesi siku za bamvua peke yake, zile zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanapopanda karibu mita 4 na kupwa hadi miamba ikaonekana. Maji mafu yakabaki meupe. Mvuvi akifungua, macho yanakwenda pale anapopatafuta, na ule weupe wa katikati unamtenganishia mistari vilevile.

Kwa wanaochapa moja kwa moja kutoka Excel, ingieni Page Layout, kisha Print Titles, mtaje mistari ya kurudiwa juu. Na kwenye kipimo cha kuchapa, upana uwe ukurasa mmoja ila urefu uachwe wazi. Anayeandika moja kote kote ataletewa majina mia tano kwenye karatasi moja, kila jina dogo kama sisimizi. LibreOffice Writer nayo inayo amri ya kurudia kichwa, pamoja na mahali pa kuandika ni mistari mingapi ya juu irudiwe, na ni ya bure.

Faida nyingine ya kichwa cha kweli haionekani kwenye karatasi. Faili ikitolewa vizuri kama PDF, programu wanazotumia wasioona kusomewa skrini huweza kuwatajia jina la safu pamoja na tarakimu: “Mkopo, 1,200”. Kichwa cha kubandika kwa mkono kwao ni mstari kama mingine, na ile “Jina la Mwanachama” itasomwa kama mtu.

Prufu ya jedwali refu siisomi kama ninavyosoma ya hadithi. Naanza na mishono: mstari wa mwisho wa kila ukurasa na wa kwanza wa unaofuata, namba zifuatane, pasiwe na aliyerudiwa wala aliyerukwa. Baadaye nahesabu mistari na kuilinganisha na ile ya Excel. Mwisho nampa mtu wa duka la jirani aifungue popote, nimwulize tarakimu ninayoigusa ni ya nini. Akigeuza ukurasa kwenda nyuma kabla ya kujibu, kazi inarudi mezani.

Kijitabu cha mzee sasa hakinipi taabu kila mwaka. Tarakimu mpya zinaingia kwenye majedwali yaleyale, na tarehe 17 inajua pa kwenda. Februari ya 2028 itakuwa na siku 29: kumi na sita kushoto, kumi na tatu kulia, na chini yake patabaki nafasi ya mistari mitatu, ambayo mzee amekwisha iulizia bei ya tangazo.